Ndege ya Ukili

Alhamisi saa mbili asubuhi, kama ilivyo desturi ya kila Alhamisi, Bi Ruba aliwapima abiria wake kwa mizani ya magunia ya simsim, pembeni mwa kiwanja cha ndege cha Chundwa. Walikuwa wawili. Bi Umulkheir alikuwa kilo hamsini na nane pamoja na kopo lake la samli. Bwana Mahir, fundi cherehani, alikuwa kilo sitini na sita na begi. Bi Ruba akajumlisha, akaongeza uzito wake mwenyewe ambao hakuutaja kwa sauti, akaongeza na wa mafuta, akaridhika. Ndege ile iliundwa mwaka 1953, na kwa mzigo kama huo haikuwa na sababu ya kulalamika.

Thuwaiba, msaidizi wake, akazungusha propela kwa mkono mara mbili, injini ikakohoa, ikawaka. Ndege ikatetemeka, ikaunguruma, isisogee. Magurudumu yakaanza kuzama mchangani, kina cha vidole viwili, kisha vinne. Bi Ruba akazima injini, akageuka.

"Nani ana kitu?" akauliza, kama wanavyouliza makarani wa ndege kubwa kama kuna mwenye kiberiti.

Bi Umulkheir akatazama nje. Bwana Mahir akajikuna kidevu, kisha akasema kwamba kuna kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, cha jirani yake, alichokiazima Ramadhani ya mwaka juzi.

"Lakini hakimo humu," akasema. "Kiko nyumbani."

"Si lazima kiwemo humu," alisema Bi Ruba.

Bwana Mahir akashuka, akaenda mbio, akakirudisha kile kibao, akarudi akihema na shati limemganda mgongoni. Ndege ikajitoa mchangani, ikapaa. Dakika kumi na mbili baadaye walitua Manda, kwenye uwanja wa ndege wa Lamu. Njiani Bi Umulkheir alimuuliza tu kama kibao chenyewe kilikuwa bado kikali.

Ndege hiyo iliwahi kufukuza nzige. Ilipochoka kufukuza nzige iliachwa bandani huko Malindi miaka kumi na tisa, kuku wakitaga kwenye kiti cha rubani, mpaka ikauzwa kwa mnada kama chuma chakavu. Bi Ruba ndiye aliyeinunua. Alikuwa mtu wa nyumba za mawe za Lamu mjini, na babake alipofariki na nyumba ya ghorofa mbili kugawanywa, yeye aliwauzia ndugu zake fungu lake na kununua ndege. Watu walisema amerukwa na akili. Yeye alisema nyumba ile imekaa pale miaka mia mbili na haijampeleka popote.

Kabla ya hapo, kwa miaka ishirini na sita, alikuwa karani kwenye kaunta ya Manda, kazi yake kuchana tiketi na kutazama watu wengine wakipaa. Alijifunza kurusha ndege akiwa na miaka arobaini na sita. Siku alipopaa peke yake kwa mara ya kwanza alilia, na hakuona haya kulia, maana huko juu hakukuwa na mtu wa kumwambia anyamaze. Hakuna kitu alichowahi kukipenda vile, na nikisema hakuna, nahesabu na marehemu mumewe, ambaye alikuwa mtu mzuri.

Shida ilikuwa mabawa. Ndege za siku zile huvikwa kitambaa, na kitambaa cha ile kilikuwa kimeliwa na chumvi. Cha kubadilishia kilikuwa kinatoka ng'ambo, na ng'ambo hawakujibu barua. Bi Ruba akaenda Kipungani kwa Bi Tima, mkuu wa wasukaji mikeka. Bi Tima alilipima bawa kwa shibiri na pima, akaligonga gonga, akasema kama mkeka waweza kulaliwa na mtu mzima miaka ishirini, waweza pia kulaliwa na upepo. Wanawake wa Kipungani walisuka ukili, zile kanda ndefu za miyaa, majani ya mkoma, miezi minne. Wakaushona, wakauwamba juu ya mbavu za mabawa mpaka ukalia kama goma, wakaupaka sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyomboni, mikono mitatu. Harufu ya papa haijatoka mpaka leo.

Kosa lilifanyika siku ya kwanza ya kusuka, na lilikuwa kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingeweza kulifanya hata kwa kutaka. Kipungani mkeka mpana husukwa kwa ajili ya msikiti tu. Hakuna mtu mwenye chumba cha upana ule. Na mkeka wa msikiti una nia yake, inayosemwa wakati wa kukunja miyaa ya kwanza, kwa sababu sala juu ya kitu kilichochukuliwa bila idhini ya mwenyewe ina maneno mengi kwa masheikh. Bi Tima akakunja miyaa, na mdomo ukafuata mikono kama ulivyozoea: "Mkeka hunu usitukue kitu cha mtu asoridhia." Alikuja kukumbuka wakati bawa la pili limekwisha shonwa. Alimpelekea Bi Ruba salamu za kumtaka radhi, na kumuuliza kama wafumue. Bi Ruba akasema waache, nia njema haijawahi kuangusha ndege.

Mkaguzi alikuja kutoka Nairobi, mwanamke mmoja aitwaye Jeruto, na fomu ya kurasa kumi. Kwenye nafasi ya aina ya kitambaa aliandika "mkeka", akamwagia bawa ndoo ya maji, akasubiri, akaona halivuji. Walipopanda kuijaribu, ndege ilizama. Bi Ruba hakujua sababu, Jeruto naye hakujua, mpaka Bi Ruba akakumbuka zile salamu za Bi Tima. Jeruto akampigia simu dada yake Eldoret kuhusu sweta la kijani. "Kaa nalo," dada yake akasema, na neno halijaisha vizuri ndege ikaanza kutembea. Jeruto alitia sahihi. Kwenye kibati kilicho mbele ya rubani, pale panapoandikwa uzito wa mwisho, aliongeza kwamba ndege hii isibebe cha mtu asiyeridhia.

Bi Ruba mwenyewe naye aliingiwa na hofu siku ile, alipozikumbuka zile salamu, maana nyumba za mawe hazikujengwa kwa dua peke yake, zilijengwa pia kwa jasho la watu wasioulizwa. Lakini fungu lake alikuwa amekwisha liuza. Mtu angeweza kuuliza ndege yenyewe ilinunuliwa kwa pesa gani kama si za fungu hilo; ndege haikuuliza. Ilimpaisha. Bi Ruba alijiona msafi, na tuseme kweli, alijivuna kidogo.

Aliihamishia Chundwa, kisiwani Pate, kwa sababu ya kupwa kwa bahari. Huko maji yakitoka yametoka. Boti hukaa kwenye tope la mikoko saa sita nzima, iwe imebeba nazi au imebeba mtu anayekufa. Bwana Famau, babake Thuwaiba, mkulima wa simsim na mihogo, alimwonyesha kipande cha shamba lake kilichonyooka kuelekea kusini.

"Shuka hapano," alimwambia. "Shamba lalala mwaka hunu. Mimi nitapanda upande ule."

Hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano, na yalidumu miaka sita. Bi Ruba alipanga nyumba kijijini. Thuwaiba, muuguzi wa zahanati, mwanamke wa miaka thelathini na kitu asiyependa maneno mengi, akawa ndiye mzungusha propela, kisha ndiye mkaaji wa kiti cha pembeni kila mgonjwa alipopelekwa. Chundwa wakaizoea ndege na wakazoea masharti yake. Kabla ya safari mtu alipita kwa majirani akiuliza kama kuna anayemdai ungo, shoka au msumeno. Mheshimiwa mmoja aliyekuja kuomba kura alitaka kurudi kwa ndege. Ilizama mpaka tumbo likagusa mchanga. Watu walimletea chai wakati boti yake ya mwendo kasi ikisubiriwa. Alipata kura nyingi kuliko mara ya kwanza.

Ijumaa moja, baada ya sala, Abdulqadir alikuja Chundwa kumtembelea dada yake, Bi Ruba. Alikuwa dalali wa nyumba na viwanja, mtu mkunjufu, mkarimu kwa ndugu zake, na hakuwahi kuipanda ile ndege. Alisema harufu ya papa humpa kichefuchefu. Alitoa bahasha ya kaki, akaiweka mezani kando ya sahani ya mahamri.

Ilikuwa hati ya shamba. Ekari thelathini: kiwanja cha ndege, na simsim ya Bwana Famau, na vipande vya familia sita nyingine vilivyopakana naye, na kisima, na makaburi. Mwenye ardhi: Ruba, na majina ya baba na babu.

"Watu wa bara wapita na ramani tangu mwezi wa nne," Abdulqadir alimwambia. "Chundwa yote imeandikwa ardhi tupu, haina mwenyewe. Usipoandikwa wewe, ataandikwa mtu usiyemyua, na siku ya pili utaona seng'enge hapo na ndege yako iko ndani."

"Na Bwana Famau?"

"Famau hana karatasi."

"Ana makaburi pale."

"Makaburi hayatiwi kwenye kompyuta, dada. Nimemlinda kwa yina lako. Atalima kama alivyolima. Kwani wewe utamfukuza?"

Bi Ruba alisema hatamfukuza. Aliisoma hati mara mbili. Ndugu yake hakusema uongo hata mahali pamoja. Ramani zilikuwa kweli zinapita, na kweli mtu wa bara angeweka seng'enge. Alifurahi. Ningependa kusema kwamba alisita, au kwamba mkono ulitetemeka, lakini alifurahi sana, akamkatia ndugu yake hamri la pili. Tangu aache ile nyumba ya Lamu hakuwa na kitu chini ya miguu yake kilichoandikwa jina lake, na hakuwa amejua kwamba jambo hilo lilimkosesha raha. Alikusudia kumwambia Bwana Famau siku ya Alhamisi.

Jumanne saa nne asubuhi Zamzam, mke wa nduguye Thuwaiba, alikuwa katika siku ya pili ya uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Maji yalikuwa yametoka na hayakutazamiwa kabla ya alasiri. Walimleta kiwanjani kwa kitanda, Bwana Famau ameshika mguu mmoja wa kitanda, wakamlaza kwenye ndege, mto chini ya kiuno. Bi Ruba akakaa kitini, Thuwaiba akazungusha propela. Ndege ikazama.

"Nani ana kitu?"

Zamzam, akishika ukuta wa ndege kwa mikono miwili, akasema ana leso ya Thuwaiba. "Nimekupa," Thuwaiba alisema kutoka nje, na ndege haikusogea. Wakamshusha Zamzam, ikabaki vilevile, imezama nusu gurudumu na Bi Ruba peke yake ndani. Bi Ruba akavua saa, akampa mtu. Akavua pete, akavua viatu. Akavua hata miwani, ingawa bila miwani asingeuona mnazi mpaka augonge.

"Bi Ruba," Thuwaiba akasema kwa adabu, "hebu shuka wewe."

Alishuka. Magurudumu yakapanda juu ya mchanga yenyewe, na ndege ikatembea hatua mbili mbele, kama punda aliyeshushwa magunia, ikasimama. Watu wakaangalia pembeni ili wasimwaibishe. Wote walidhani ni ungo.

Bi Ruba hakuwa na njia ya kujidanganya. "Shamba hili limeandikwa jina langu," alimwambia Bwana Famau. "Tangu Ijumaa."

Bwana Famau akageuka kulitazama shamba. "Lote?"

"Lote."

"Na kisima?"

"Na kisima."

"Na wazee waliolala pale?"

"Na wazee pia, Bwana Famau."

Zamzam alipiga ukelele. Thuwaiba alikuwa tayari amekaa kwenye kiti cha rubani. Kwa miaka sita alikuwa ameshika usukani mara nyingi kuliko sheria inavyoruhusu, na kutua alikuwa ametua mara nne, Bi Ruba akiwa pembeni ameficha mikono chini ya mapaja. Wakampandisha Zamzam. Bi Ruba akazungusha propela yeye mwenyewe, pekupeku, na ndege ikaondoka nyepesi, ikapita juu ya minazi, ikapotea upande wa Manda. Mtoto, msichana, alizaliwa Lamu wakati wa adhana ya adhuhuri, na wote wawili walikuwa wazima.

Bi Ruba hakuwahi kuisikia ndege yake kutoka chini. Aliisikia mpaka ikaisha, na ilimuuma moyoni kuliko alivyotazamia. Bwana Famau alimwokotea viatu.

"Twende tukanywe chai," alisema.

Walikunywa chai. Bi Ruba alimweleza habari za ramani na seng'enge na mtu wa bara, na Bwana Famau alisikiliza yote bila kumkata kauli. Kisha akamuuliza ni siku gani hasa hati ililetwa. Aliposikia ni Ijumaa, akasema, "Na leo Jumanne," akamimina chai nyingine. Bi Ruba akalia pale pale mkekani, akamwomba radhi, na Bwana Famau akasema kwamba kulia hakufai mtu aliyesimama juani asubuhi nzima, anywe.

Jioni ile, ndege iliporudi, Bi Ruba aliichana hati vipande vinane, akapanda ndege kujaribu, ikazama. Jina halikuwa kwenye karatasi peke yake. Wiki iliyofuata alivuka na Bwana Famau kwa boti mpaka Mokowe, na kutoka hapo wakaenda kwenye ofisi inayohusika. Walipokelewa na karani aitwaye Kwamboka, mwanamke mpole, aliyewaletea viti viwili na kufunga dirisha ili vumbi lisiwapate. Habari za ndege alikuwa amezisikia.

"Hata hapa ofisini kuna wasioipanda," alisema.

Bi Ruba alisema amekuja kurudisha. Kwamboka akamweleza kwamba ardhi ikirudishwa inakuwa tena ardhi tupu, na kwa ardhi tupu hiyo kuna maombi kumi na moja yanayongoja, yote yamekamilika. Bi Ruba akauliza kama kuna fomu ya mtu kukiri kwamba alichoandikiwa si chake. Kwamboka akaitafuta kwa dhati kwenye kabati na kwenye droo zote mbili. Haikuwepo.

"Njia ni moja," akasema. "Wewe umpe mzee kama zawadi. Hiyo fomu ipo. Na yeye akishaandikwa, hao wenzake sita naye atawapa vyao vilevile."

Akaijaza kwa mwandiko safi, akafungua kibati cha wino, na Bwana Famau akatia dole gumba winoni. Akauliza imeandikwa nini. Kwamboka akamsomea: kwamba yeye mpokeaji anakubali kuwa hakuwahi kuwa na haki yoyote katika ardhi iliyotajwa, wala waliomtangulia, na kwamba anaipokea kwa hisani ya mwenyewe.

"Soma tena," alisema Bwana Famau.

Akasoma tena, polepole zaidi.

Bwana Famau akalitazama dole lake. Kisha akalipangusa kwenye kikoi, upande wa ndani, mpaka wino ukaisha. "Babangu alizikwa pale," alisema, "na babake, na babake. Nikitia dole hapano, wote wamekuwa wezi, na mimi mwana wa wezi niliyehurumiwa. Na wale sita nao niwatie madole yao. Changu sipawi, mwanangu."

Kwamboka hakubishana naye. Alisema fomu hiyo huja imekwisha chapwa, naye hana ruhusa ya kufuta mstari. Alituma watu wakaleta chai, wakanywa, wakaaga.

Basi mambo yakakaa hivyo. Jeruto alirudi kutoka Nairobi, akamfanyia Thuwaiba mtihani wa siku tatu, akampa leseni. Abdulqadir alileta nakala ya hati badala ya ile iliyochanwa, yenye mihuri mingi zaidi. Ndege ilibaki ya Bi Ruba: yeye ndiye aliyebadilisha plagi, aliyeupaka ukili sifa kila mwaka, aliyewapima abiria na kuuliza nani ana kitu. Ilipokuwa tayari alisogea pembeni na kushika kofia za watu zisipeperuke. Mwanzoni mwa kila mwezi alipanda peke yake na kuwasha injini. Ikizama, alizima, akashuka, akaendelea na kazi. Bwana Famau alilima simsim yake, akavuna, akampelekea Bi Ruba kibaba chake kama kawaida ya jirani, na wakati mwingine walikaa wakizungumza habari za mvua.

Kila mtu Chundwa alijua jambo moja na hakuna aliyelitaja. Bwana Famau angesema tu "nimeridhia", kama yule dada wa Jeruto alivyosema habari ya sweta, na wale sita wangemfuata, Bi Ruba angepaa siku hiyo hiyo. Bi Ruba alilijua kuliko wote. Kuna asubuhi alizoamka limemjaa kinywani, akaenda mpaka uani kwa Bwana Famau, akaulizia afya ya mbuzi, akarudi.

Mwaka wa tatu, Alhamisi ya mwisho kabla ya mfungo, Bi Ruba alianguka karibu na mizani akiwa ameshika tumbo. Thuwaiba alimgusa upande wa kulia, chini, akaondoa mkono haraka.

"Ni kidole tumbo," alisema. "Na hakitangoja."

Maji yalikuwa yametoka tangu saa mbili, na yangerudi saa nane. Ilikuwa saa tatu. Walimlaza kwenye ndege, maana ndege ilikuwa yake na ingekuwa ukosefu wa adabu kutojaribu. Thuwaiba akawasha injini. Magurudumu yakazama mpaka mhimili, na mkia ukatitia. Thuwaiba akazima, akatoa kichwa nje, akamtazama babake.

"Baba," alisema. "Neno moya tu."

Bwana Famau alivua kofia. Alisimama katika shamba lake, mbele ya mwanamke ambaye ndege yake iliwapeleka mkwewe na wajukuu wake na nusu ya kijiji hospitali, na hakuna aliyekuwepo pale aliyemwonea wivu. Watu wakangoja. Alifungua kinywa.

"Bwana Famau," Bi Ruba alisema kutoka ndani, jasho likimtiririka, meno yamekazana. "Usiseme."

Akakifunga.

Wakamshusha. Thuwaiba akaondoka peke yake na ndege kwenda kumtayarisha daktari na kuweka boti ya upande wa Manda, ili dakika zilizobaki zisipotee bure. Vijana wanne wakambeba Bi Ruba kwa kitanda mpaka bandarini, wakashuka naye kwenye tope mpaka magotini, wakamlaza ndani ya boti iliyokaa kavu katikati ya mikoko. Bwana Famau alipanda, akafungua mwavuli, akamkinga jua. Kuanzia saa nne mpaka saa nane alihamisha mwavuli kila jua lilipohama, na kila mara alichovya kitambaa kwenye ndoo akamfuta uso. Kaa walipita topeni. Ndege ilipita juu yao mara moja, ikasikika mpaka ikaisha.

"Niwie radhi, Bwana Famau," alisema Bi Ruba.

"Radhi nalikupa zamani. Tangu siku ile ya chai." Akasogeza mwavuli kidogo. "Shamba ndilo sikupi."

"Nayua."

"Basi usijitaabishe kusema. Mayi yaya."

Maji yalikuja kwa taratibu yake, kwanza kwenye mifereji, kisha kwenye mizizi ya mikoko, kisha ubavuni. Saa nane kasoro dakika chache boti iliguna, ikajitoa kwenye tope, ikaelea, na Bi Ruba ndani yake, na ekari zake thelathini.